Usiporidhika, Rudisha

Makofini ni nchi tulivu, na watu wake ni wasikivu kuliko watu wote niliopata kuwasikia. Zamani walichapa ramani ya taifa, na mchoraji, kwa bahati mbaya, akauweka mto upande wa kushoto wa mji mkuu ilhali mto wenyewe unapita kulia. Ramani ilikuwa na nembo. Basi watu wa kulia wakaambiwa waache kuchota maji pale maana hapana mto, na watu wa kushoto wakagawiwa mitumbwi. Hakuna aliyelalamika. Waliokwenda kuchota kwa kificho walikamatwa kwa kosa la kulowa bila sababu.

Sheria yenyewe ni fupi na imekaa vizuri: chochote kilichochapwa kwenye karatasi yenye nembo ya taifa ni amri, kuanzia nembo juu mpaka ukingo wa chini. Wakati wa taipureta sheria hiyo haikuwa na shida. Mtu akiandika upuuzi, angalau upuuzi ulikuwa wa kwake.

Halafu kuna mila ya kurasa. Makofini ukurasa wa kwanza wa waraka wowote ni wa wakubwa. Wa pili ni wa makatibu. Wa tatu ni wa madereva, ambao huusoma wakiwangoja wakubwa nje ya mikutano, ndiyo maana madereva wa kule wanajua mambo mengi ya kutisha na huendesha taratibu. Waziri akionekana anafungua ukurasa wa pili, watu huanza kunong'ona kwamba ameshushwa cheo, na mkewe hupunguziwa salamu sokoni.

Mtu mmoja aitwaye Sikudhani Mlelwa aliyajua yote haya. Alikuwa afisa nyaraka katika Wizara ya Karatasi, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba na kicheko cha kutoka tumboni, na alikuwa na uchumba wa muda mrefu na fundi friji aitwaye Mfaume Chitema. Harusi yao ilikuwa imeahirishwa mara nyingi kwa sababu Wizara ilikuwa haina karatasi.

* * *

Kwa kuwa haina karatasi, Wizara ya Karatasi iliamua kuachana na karatasi. Nyaraka zote za nchi zitakuwa PDF, akatangaza Waziri, Mheshimiwa Dokta Ponsiano Mturuka, na zikishakuwa PDF zitachapwa ili zisomeke. Ikatakiwa programu ya kuzifungulia. Sikudhani akapewa kazi ya kutafuta programu inayofaa na kuandika faida na hasara zake.

Akaipata moja ya bure, inaitwa Kurasa, imetengenezwa ng'ambo huko na watu ambao hawakujua kama Makofini ipo. Akaijaribu kwa moyo wote na kwa kweli akaipenda. Akaandika faida ukurasa wa kwanza: ni bure, ni nyepesi, inafunguka hata kwenye zile kompyuta za wilayani zinazovuma kama mashine ya kusaga, inasoma kwa sauti, kwa wale waliosahau miwani au waliosahau kusoma, ina skrini ya giza ya kupumzisha macho, na mtu akifungua waraka humo hawezi kuuharibu, kwa maana hairuhusu kuandika humo hata nukta.

Hasara akaziweka ukurasa wa pili. Hakuwa na hila. Alilelewa vizuri, na aliona si adabu kuanza na ubaya. Akaandika kwamba hairuhusu kuandika humo hata nukta, kwa hiyo kosa likishaingia limeingia. Na kwamba kila ukurasa ukichapwa, programu hubandika tangazo la biashara chini kabisa, tangazo inalolichagua yenyewe, na hakuna namna ya kulizuia ila kununua toleo la kulipia.

Waziri akasoma ukurasa wa kwanza, akatokwa na machozi.

"Ndugu wananchi!" alisema siku ya uzinduzi, huku Mkuu wa Makofi akiwa tayari na kibendera chake, maana Makofini watu hupiga makofi kibendera kikipanda na kunyamaza kikishuka. "Wageni walitusomea miaka mingi. Wakatusomea vibaya! Leo tunajisomea wenyewe, na tunajisomea bure! Wengine wanadhani bure ni bei. Nasema hapana! Bure ni falsafa! Bure ni uti wa mgongo wa taifa! Nani kati yenu amewahi kuulipia uti wake wa mgongo?"

Kibendera kikapanda. Sikudhani alitaka kuinua mkono aulizie ukurasa wa pili, lakini Waziri alikuwa ameshamwita mbele na kumkumbatia mbele ya kamera, akamwita binti wa taifa, na mtu aliyekumbatiwa na waziri hawezi tena kutia neno. Akaenda kukata keki. Keki nayo ilikuwa tamu.

* * *

Waraka wa kwanza kutoka ulikuwa bajeti. Chini ya kila ukurasa, chini kabisa, paliandikwa: Ondoa kitambi! Kunywa chai ya majani ya ajabu asubuhi na jioni. Nembo ilikuwepo juu. Wakuu wa wilaya wote wakaanza kunywa chai ya majani ya ajabu asubuhi na jioni, na mikutano ya maendeleo ikawa mifupi sana kwa sababu kila baada ya muda mkuu wa wilaya alikuwa anakimbilia chooni.

Mwongozo wa hospitali ukatoka na maneno: Ofa inaisha leo! Kwa hiyo kila jioni madaktari wakawatangazia wagonjwa kuwa matibabu yamekwisha, na kila asubuhi wakachapa mwongozo mpya. Cheti cha kifo cha mzee mmoja kikatoka kimeandikwa: Hongera! Umeshinda simu mpya. Familia ikaenda wizarani kudai simu ya marehemu. Wizara ikakubali, ikataka tu marehemu mwenyewe aje asaini.

"Mheshimiwa," Sikudhani alimwambia Waziri siku moja kwenye korido, "yale ya chini ni matangazo. Niliyaandika kwenye ripoti, ukurasa wa..."

"Wa ngapi?" Waziri aliuliza, na uso wake ukakunjamana.

"Wa pili, Mheshimiwa."

Waziri akatazama huku na huku kama kuna aliyesikia. "Binti wa taifa," akasema kwa upole, "usinitukane tena."

* * *

Karatasi zikapatikana, na harusi ya Sikudhani ikawadia. Mama yake, Bi Asumini, alishona vitenge vya sare mpaka vikabaki. Mfaume alinyoa ndevu alizokuwa nazo tangu uchumba uanze, na Sikudhani alipomwona akacheka mpaka wanja ukachuruzika. Wakaenda kwa Msajili wa Ndoa, Bwana Eliapenda, mtu mwembamba aliyependa sheria kuliko chakula. Akawaozesha vizuri, akachapa cheti, akakipitia kuanzia nembo mpaka ukingo.

"Hongereni," akasema. "Mmepewa mwezi mmoja."

"Mwezi wa nini?" Mfaume akauliza.

"Wa kujaribu. Imeandikwa hapa chini. Je, mgongo unakuuma? Jaribu bure kwa mwezi mmoja. Usiporidhika, rudisha, ikiwa ndani ya boksi lake na pamoja na risiti."

"Bwana Msajili, hilo ni tangazo la magodoro," Sikudhani akasema. "Picha ya godoro hiyo hapo!"

"Bibi, mimi sioni godoro. Mimi naona nembo."

"Sasa anayemrudisha mwenzake ni nani?" Bi Asumini akadakia kutoka nyuma. "Nimekaa na binti yangu miaka yote hii, leo nimemtoa, halafu nirudishiwe kwenye boksi?"

Bwana Eliapenda akafikiri. Ilionekana wazi kwamba anastarehe. "Sheria haijataja nani mteja na nani bidhaa," akasema. "Mpaka itaje, kila mmoja wao ni mteja na kila mmoja ni bidhaa. Boksi tutasema ni shela kwa bibi na suti kwa bwana. Zitunzwe, zisichafuke. Cheti ndiyo risiti. Mwezi ukiisha mje hapa kaunta, mseme mmeridhika au la. Akikataa mmoja tu, ndoa imekwisha. Anayefuata!"

Sikudhani alitoka pale na tabasamu la picha tu. Alikuwa amemngoja mtu huyu miaka, na sasa amepewa kama sampuli. Mbaya zaidi, ni yeye aliyeichagua programu yenyewe.

* * *

Hapo ndipo ulipoanza mwezi wa ajabu katika nyumba ya Mfaume Chitema.

Mfaume, ambaye mafriji ya watu yalikuwa yamejaa kila chumba mpaka ukiomba maji ya kunywa hujui ufungue lipi, aliyatoa yote nje akayapanga kwa urefu. Alikunja mashati. Aliosha vyombo, tena na sufuria za chini. Alimpigia simu Bi Asumini kumuuliza hali yake na kusubiri mpaka amalize kuieleza, jambo ambalo hata marehemu baba mkwe hakuwahi kuliweza. Na kila jioni, wakishakula, alimgeukia mkewe na kumuuliza kwa sauti ya mtu aliyeshika kofia mkononi: "Leo umeridhika?"

Sikudhani naye alijikaza kisabuni. Alikuwa anakoroma, na analijua hilo tangu bweni la shule. Basi akawa analala ameegemea ukuta, nusu ameketi, asije akarudishwa kwa sababu ya pua. Asubuhi anaamka shingo imekakamaa, anamwambia mumewe kwamba amelala kama mtoto. Mchana ofisini anasinzia juu ya kibodi. Aliogopa jambo moja: siku ya kaunta itafika, Mfaume atasimama mbele ya Bwana Eliapenda, na atasema nini?

Jioni moja akashindwa kuvumilia. "Mfaume," akasema, "utanirudisha?"

Mfaume alikuwa anasugua sufuria. Akaiweka chini. "Kwani wewe utanirudisha?"

"Nimeuliza mimi kwanza."

"Sikudhani, ninajua unakoroma. Nilikusikia siku ya pili, kabla hujaanza kulala kama mtu anayesubiri basi. Nikasema, huyu akikoroma ndiyo najua yupo."

Sikudhani akaona haya, akacheka, na machozi yakamtoka, vyote pamoja. "Na risiti?"

"Risiti sijui iko wapi. Labda nimefungia dagaa." Akachukua tena sufuria. "Ila usimwambie Msajili. Lala vizuri leo, mama, umechoka."

Alilala vizuri. Majirani walithibitisha.

* * *

Sasa siku zile zile ilikuwa Mtukufu Rais wa Makofini aapishwe tena. Alikuwa ameapishwa mara nyingi kiasi kwamba kiapo alikijua, lakini utaratibu ulitaka akisome kutoka kwenye karatasi yenye nembo. Kazi ya kukichapa ikaangukia Wizara ya Karatasi, yaani Sikudhani.

Akaomba Mungu huku printa ikivuma. Aliomba liwe tangazo la sabuni tu, au hata la chai. Karatasi ikatoka, akaitazama chini, akaketi kitini bila kuangalia kama kiti kipo. Akachapa tena. Likaja lile lile. Nje msafara ulikuwa unapiga honi, na mlinzi wa Mtukufu akainyakua karatasi ikiwa bado ya moto.

Uwanjani Mtukufu akainua mkono wa kulia. Naye, kama wakubwa wote wa Makofini, ukurasa wa kwanza huusoma wote, kwa sauti nene, bila kuruka neno. "...nitaitumikia nchi yangu kwa uaminifu, Ee Mungu nisaidie. Je, mgongo unakuuma? Jaribu bure kwa mwezi mmoja. Usiporidhika, rudisha!"

Kibendera cha Mkuu wa Makofi kilikuwa chini. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile, makofi yakaanza bila kibendera. Yakaanzia kwa madereva, kule nyuma, yakasambaa uwanja mzima. Mkuu wa Makofi akapandisha kibendera haraka ili ionekane ni yeye, kisha akakishusha, na watu hawakunyamaza.

* * *

Siku zilizofuata Makofini ilikuwa nchi ya kupendeza, na ninasema bila kutania. Mabomba yalitoa maji upande wa kulia na wa kushoto. Mashimo ya barabarani yalifukiwa, hata yale yaliyokuwa na majina. Hospitali zikawa na dawa jioni. Na kila siku, baada ya taarifa ya habari, Mtukufu alitokea kwenye televisheni bila miwani myeusi, akakohoa kidogo, akauliza: "Ndugu wananchi, leo mmeridhika?" Akina mama walimjibu wakiwa jikoni, wakitaja kilichobaki na mtaa wake.

Lakini watu walikuwa wanahesabu vilevile. Wengine walikwenda kwa Bwana Eliapenda kuulizia utaratibu. Bwana Eliapenda akakesha na sheria zake, akatoa maelezo: Mtukufu atarudishwa ndani ya boksi alilokuja nalo, na boksi alilokuja nalo, kisheria, ni sanduku la kura. Basi likaanza kutafutwa sanduku la kura. Walilitafuta kila mahali. Hapakuwa na mtu aliyewahi kuliona.

Hata hivyo Mtukufu akaingiwa na baridi. Akamwita Waziri, Waziri akamwita Sikudhani. "Binti wa taifa, hilo toleo la kulipia lina faida gani na hasara gani? Andika haraka."

Sikudhani akaandika kwa adabu ile ile. Ukurasa wa kwanza, faida: halina matangazo. Ukurasa wa pili, hasara: linaruhusu mwenye nalo kuandika chochote ndani ya waraka wowote, mahali popote, na pasionekane kwamba paliguswa.

Waziri akasoma ukurasa wa kwanza, akatokwa na machozi. Toleo likanunuliwa siku ile ile, kwa fedha zilizokuwa za mabomba. Likawekwa kwenye kompyuta ya Sikudhani, na nywila akapewa yeye, maana ndiye aliyekuwa ameketi hapo.

"Ndugu wananchi!" Waziri akahutubia. "Wapo waliotudanganya kwamba bure ni falsafa! Cha bure hukurudisha nyuma! Kuanzia leo matangazo yote ya chini yamefutwa kwenye nyaraka zote, za zamani na za sasa. Kila kilichokuwa cha majaribio ni cha kudumu. Hakuna kurudisha!"

Kibendera kikapanda. Sikudhani alipiga makofi kuliko wote. Ndoa yake ilikuwa ya kudumu! Alikimbia nyumbani na viatu mkononi, wakakumbatiana na Mfaume mlangoni, wakalia wote wawili, na Bi Asumini akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

* * *

Wiki haikuisha, mafriji yakarudi ndani. Moja lilirudi bila mlango. Kompresa ya friji moja ikalala kitandani, upande wa Sikudhani, kwenye gazeti. Mashati yalikunjwa na yeyote aliyejisikia, na aliyejisikia alikuwa mmoja tu. Sikudhani hakukasirikia hayo sana, maana naye alikuwa anakoroma kwa uhuru. Kilichomuuma kilikuwa kingine. Wakishakula, Mfaume anajinyoosha, anachokonoa meno, anawasha redio. Yale maneno mawili hakuyasema tena. Alimpenda, na yeye alijua anapendwa, lakini alikuwa amezoea kuulizwa, na kila jioni alijikuta ameweka sahani chini polepole, anangoja.

Mabomba nayo yalikauka, kwanza ya kulia. Mashimo yakarudi na majina yao. Mtukufu akavaa miwani myeusi, na baada ya taarifa ya habari wakaweka ngoma.

Siku moja, saa ya chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu, Sikudhani akafungua cheti chake cha ndoa kwenye toleo la kulipia. Akakitazama kitambo. Kisha akashusha kidole mpaka chini kabisa, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, bila godoro: Jaribu kwa mwezi mmoja, na kila mwezi. Usiporidhika, rudisha. Akakichapa. Nembo ilikuwepo juu.

Jioni akakiweka mezani kando ya ugali. Mfaume akakisoma, kuanzia nembo mpaka ukingo. Akamtazama mkewe. Akacheka kidogo, akaenda chumbani, na akarudi na kompresa mikononi akaipeleka nje. Aliporudi akakaa vizuri.

"Mke wangu," akasema, "leo umeridhika?"

"Karibu," Sikudhani akamjibu. "Nimebakiza kazi moja ofisini."

Asubuhi yake akafungua faili la kiapo, akashusha kidole mpaka chini kabisa, akaandika yale yale, akakichapa.

Mtukufu alikipata pamoja na chai yake, ukurasa wa kwanza, akausoma wote kama kawaida yake. Kabla jua halijawa kali, mafundi wa maji walikuwa wameshafika mtaa wa kina Sikudhani, wanachimba kana kwamba wanafukuzwa. Maji yalipotoka, fundi mkubwa akafuta jasho, akamgeukia mama wa kwanza aliyesimama na ndoo.

"Mama, mmeridhika?"

Mama akalitazama bomba, akaitazama ndoo yake.

"Tutaonana mwisho wa mwezi," akasema, akatanguliza ndoo.